Mke Wangu na Breki za Upepo

Mke wangu alishuka kwenye lori langu katika mteremko wa Kolo, akachukua mkoba wake, akachukua na kuku aliyepewa na mama yake, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea Kondoa. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Tumeoana miaka mingi, kelele zake zote nazijua, na kelele zake huwa zinaisha. Siku ile alinyamaza, nami nikabaki nyuma ya usukani, magunia ya mahindi mgongoni mwa lori, na mshale wa geji ya upepo umelala chini kabisa.

Kwa asiyejua magari makubwa nieleze kidogo. Gari dogo breki zake ni za mafuta. Lori kama langu breki zake ni za upepo. Injini inazungusha kompresa, kompresa inajaza matenki, na ukikanyaga pedeli upepo unakimbia kwenye mabomba mpaka kwenye chemba, vile vibuyu vya chuma vilivyo karibu na kila tairi. Ndani ya chemba kuna mpira, upepo unausukuma, breki inashika. Magari ya siku hizi upepo ukiisha yanajifunga yenyewe, hayaendi popote. Langu ni la zamani. Langu upepo ukiisha linakwenda linakotaka.

Na siku ile lilitaka kwenda. Mke wangu kwao ni Kolo, na kila mwaka baada ya mavuno tulikuwa tunapanda wote wawili kwenda kumwamkia mama mkwe na kushusha mazao ya ukoo kuja Dodoma. Ilikuwa ndiyo safari yetu. Mwaka mzima mimi nabeba mchanga na matofali, msimu wa zabibu nakwenda Hombolo, na yeye yuko na shughuli zake nyumbani. Lakini siku mbili hizo ni zetu, yeye na karanga zake za kutafuna na umbea wa ndugu zake wote. Tulikuwa katikati ya mteremko, ananisimulia harusi ya binamu yake, kengele ya upepo ikaanza kulia. Nikatazama geji, mshale unashuka kama mtu anauvuta. Nikakanyaga, pedeli ikaenda chini tupu. Nikalazimisha gia ya pili, injini ikalia, gari likapungua kidogo lakini halikusimama. Kulia kulikuwa na korongo. Kushoto kulikuwa na ukingo wa udongo, basi nikalibana gari kushoto, likakwaruza mawe na vichaka mpaka likasimama.

Kushoto ndiko anakokaa abiria. Mawe yalipita kwenye dirisha lake, shubiri moja na uso wake.

Kesho yake, nyumbani kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, aliniwekea chai na kusema neno moja tu. "Wewe endesha, ndiyo kazi yako. Mimi lile gari sipandi tena."

Nilidhani ni hasira, zitapoa. Nikabadilisha mpira wa upepo wa nyuma uliokuwa umepasuka, nikamwambia kazi imekwisha. Ulipofika wakati wa kwenda tena Kolo, akaaga, akaenda stendi akapanda basi. Mimi nikaenda na lori. Tukafika kwa mama mkwe, mmoja saa nne, mwingine saa nane.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Mmegombana?"

"Hapana mama."

"Basi mbona mnakuja kwangu kama watu wasiofahamiana?"

Nikaenda kupakia magunia. Na wakati wa kurudi, nikiwa peke yangu na mzigo, mshale ulishuka tena palepale katikati ya mteremko. Haukufika chini kabisa, na safari hii nilikuwa nimeingiza gia ya kwanza tangu juu, natambaa kama kobe, lakini ulishuka. Nilifika chini shati limelowa. Sikumwambia mtu. Kwa mke wangu nilisema safari ilikuwa njema.

Niseme ukweli, nilichotaka hakikuwa gari. Magari ya kubeba mchanga yako mengi. Nilitaka mke wangu arudi kwenye kile kiti cha kushoto na karanga zake. Kiti kile kilikuwa kinanitazama. Nikitoka Hombolo na zabibu, nikigeuka kumwambia mtu jambo, hakuna mtu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu na mdomo wangu hauna breki pia, lakini ile hali ilininyong'onyeza, nikaamua nitautafuta uvujaji ule mpaka niupate.

Sasa, kutafuta upepo unaovuja katika mji wa Dodoma ni kazi kwelikweli. Unajaza matenki, unazima injini, unategea sikio. Popote panapovuja panafanya psss. Lakini Dodoma kuna upepo wake wa bure. Ikifika saa nne asubuhi mabati yanalia, mifuko ya plastiki inaruka, vumbi linapiga mbio barabarani, na kila kitu mtaani kinafanya psss. Nimewahi kukaa chini ya lori nusu saa nasikiliza uvujaji, kumbe nasikiliza mchongoma wa jirani. Kwa hiyo nilikuwa naamka alfajiri kabla upepo haujaamka, na kopo la rangi lenye maji ya sabuni ya unga, na brashi. Unapaka povu kwenye kila kiungo. Palipo pazima povu linatulia na kukauka. Panapovuja linavimba kama andazi kwenye mafuta.

Maandazi niliyapata. Kiungo kimoja karibu na tenki. Mpira wa chemba ya nyuma kushoto. Kisha wa nyuma kulia. Kila nikipata moja nakimbia mjini kwenye duka la vipuri la familia moja ya Kihindi ninayonunua kwao tangu enzi za baba yao. Mwenye duka, ambaye ni rika langu, siku ya tatu aliponiona mlangoni akaweka kalamu chini.

"Mzee, mipira ya chemba tena? Unaikaanga?"

"Nipe mpira, acha maneno."

"Nakupa. Lakini mwenzangu, mtu akirudi kwangu mara tatu kwa breki zilezile, ugonjwa hauko pale anapopaka dawa."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia auze vipuri aache uganga. Akacheka, akanifungia mpira wangu kwenye gazeti.

Ipo pia namna nyingine ya kupima, maana mahali pengine hapavuji mpaka breki iwe imekanyagwa. Hapo unahitaji watu wawili, mmoja juu akanyage, mmoja chini asikilize. Utingo sina, wapakiaji nawakuta hukohuko mzigo ulipo, na wanangu wote wana miji yao. Lakini sisi madereva wa zamani hatuhitaji mtu. Kila mmoja wetu ana kijiti nyuma ya kiti. Changu nilirithi kwa dereva aliyenifundisha kazi, mti mgumu umeng'aa kwa kushikwa. Unasimika ncha moja kwenye pedeli, ncha nyingine unaibana kwenye chuma cha kiti, breki imekanyagwa mpaka uamue kuiachia. Unashuka zako chini unasikiliza kwa raha. Ukimkuta dereva wa rika langu anamwita mtu aje kumkanyagia pedeli, utamcheka.

Nikasimika kijiti changu, nikapita chemba zote na kopo langu. Kimya. Povu limelala. Nikamwita fundi wangu, mtu makini, si mbabaishaji, naye akalala chini akapita kote, kijiti kikiwa kimesimikwa. Akatoka anajifuta magoti.

"Mzee, gari zima hili. Ilikuwa ile mipira tu."

Siku hiyo jioni nilijaza matenki nikaacha gari hadi asubuhi. Kulipokucha mshale ulikuwa uleule, haujasogea hata unywele. Nilifurahi kama mtoto. Nikamwita mke wangu aje aone. Akaja na ufagio mkononi, akasimama mbali, hakusogea kwenye mlango wa gari.

"Imeshika," nikamwambia. "Tangu jana jioni. Njoo utazame."

"Imeshika ikiwa imesimama," akasema. "Kwani siku ile tulikuwa tumesimama?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia kama anajua sana magari aende akafungue gereji. Nilimwambia fundi mwenye miaka thelathini kwenye kazi amesema zima, yeye ni nani. Nilimwambia na mengine siyaandiki. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, akarudi kufagia uwanja. Nilikula ugali kimya siku mbili, na mboga ilikuwa imeungwa vizuri tu, yaani hata chumvi hakunipunguzia. Mwanamke akikukasirikia akaendelea kukupikia vizuri, ujue una kesi kubwa.

Siku ya pili jioni nikashindwa kuvumilia. Alikuwa anachambua mchele. Nikavuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Safari ile niliyokwenda peke yangu," nikasema, "mshale ulishuka tena. Palepale."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Na juzi ukaniita nije nione imeshika."

"Nilidhani sasa imepona."

"Ulidhani." Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Kwa hiyo ungenipandisha."

Hakuuliza. Alisema tu. Nilitaka kusema hapana, lakini ilikuwa ndiyo. Ningempandisha. Ningemkalisha upande wa kushoto nikashuka naye mlima ule nikiwa na wasiwasi tumboni na tabasamu usoni, kwa sababu tu sikutaka kusema kwamba mimi, na miaka yangu yote barabarani, sijui gari langu lina nini. Niliinamisha kichwa. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya askari wa barabarani wala mbele ya padri.

Akamaliza kuchambua mchele wake. Kisha akasema, "Kesho asubuhi nitapanda mimi. Likiwa limesimama. Wewe utakuwa chini."

"Kijiti kipo."

"Kijiti chako ndicho kilichokwambia gari zima."

Alfajiri yake aliweka mwenyewe mawe kwenye matairi, mawili mbele, mawili nyuma, akayapiga teke kuhakikisha. Akajifunga kanga kiunoni, akapanda. Niliwasha injini, matenki yakajaa, nikazima. Nikatandika gunia, nikalala chini na kopo langu la povu. Mtaa ulikuwa kimya, upepo bado.

"Kanyaga," nikaita.

Psss.

Nilidhani masikio yangu yananidanganya. "Umekanyaga?"

"Nimekanyaga."

Psss ileile, nyembamba, kama mtu anamnyamazisha mtoto kanisani. Wala haikutoka nyuma kwenye matairi nilikolala. Ilitoka mbele.

"Hebu kanyaga mpaka chini!"

Akakanyaga mpaka chini. Ikakata. Kimya kabisa. Nikamwambia aachie, kimya. Akanyage tena, psss.

"Sasa mbona unakanyaga nusunusu?" Hasira zimeshaanza kupanda, nimelala chali na sabuni mkononi. "Kanyaga kama mtu anayefunga breki!"

Sauti yake ikatoka juu, imetulia. "Ndivyo unavyokanyaga wewe. Nimekaa pembeni yako miaka yote hii, naona mguu wako. Mlimani huwa unakanyaga mpaka chini?"

Nilibaki nimelitazama tumbo la gari langu juu yangu. Mlimani hakuna dereva anayekanyaga mpaka chini, matairi yataburuzwa na mzigo utakufuata mgongoni. Mlimani unakanyaga nusu, unaishikilia pale, unashuka nayo hivyohivyo taratibu. Kijiti hakijui nusu. Kijiti kinakanyaga mpaka chini au hakikanyagi. Mimi, na fundi wangu wa miaka thelathini, na yule dereva aliyenirithisha, wote tulikuwa tunapima breki jinsi zisivyotumika mlimani, tena tunajisifu kwamba hatuhitaji mtu.

Nikajiburuza mpaka mbele, chini ya kebini. Chini ya pedeli kuna vali, ndiyo inayogawa upepo, na kwa chini ina tundu la kutolea upepo unapoachia breki. Nikalipaka povu. "Nusu," nikasema, na safari hii nilisema kwa adabu. Akakanyaga nusu. Povu lote likanirukia usoni.

Nilicheka nikiwa palepale chini. Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na aliposhuka kuja kuangalia kuna nini nikamwambia ni sabuni imeingia machoni. Akachuchumaa, akanifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sabuni gani hiyo inayokupigisha kwikwi?" akasema.

Fundi alipokuja akaifungua vali. Ndani kulikuwa na mpira mdogo, mwembamba, umelika upande mmoja, na vumbi limeganda na mafuta. Ukikanyaga kwa nguvu zote unabanwa na kuziba. Ukikanyaga nusu, unaacha nafasi, na upepo unatoka kidogokidogo muda wote mguu wako uko pale. Barabara ya tambarare huwezi kujua, unakanyaga mara moja unaachia, kompresa inajaza. Mteremko mrefu ndio unaokuumbua. Fundi aliushika ule mpira kwenye kiganja, akatikisa kichwa.

"Tumeutafuta kwenye matairi yote sita," akasema, "kumbe mzee umeukalia."

Kule dukani nilikwenda mwenyewe, nikamwambia mwenye duka alikuwa amesema kweli na mimi nilimjibu vibaya. Akasema hata hakumbuki. Anakumbuka. Alinichagulia mpira wa vali kwa kuugeuza mwangani mara tatu, akarudisha wa kwanza ndani ya boksi, akanipa wa pili.

Ulipofungwa, mke wangu alipanda tena bila kuombwa, akakanyaga nusu, akashikilia. Nilipaka povu likakaa. Likakaukia pale. Hakusema kitu kuhusu kusafiri, na mimi sikuuliza. Nilikuwa nimejifunza walau hilo. Siku ya kwenda Kolo ilipofika niliamka, nikapasha injini, nikajifanya nakagua matairi yaliyokwisha kukaguliwa. Akatoka na mkoba wake, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa kushoto. Nilikagua tairi moja zaidi ili uso wangu utulie.

Mama mkwe alikuwa ameketi kibarazani. Alituona tunashuka mlango huu na mlango huu wa gari moja. Aliitikia shikamoo zetu, akamtazama binti yake, akanitazama mimi. "Leo mmekumbuka kwamba mnafahamiana," akasema, akaagiza kuku akamatwe.

Kurudi tulikuwa na mzigo wa kutosha. Pale juu, kabla barabara haijaanza kuinama, akaniambia nisimame. Nikaweka gari kando. "Zima," akasema. "Kanyaga kama utakavyokanyaga." Nikakanyaga nusu. Akatoa simu yake akaweka saa, akainama karibu na geji mpaka kitambaa chake cha kichwani kikagusa usukani. Malori mawili yalitupita yakipiga honi. Mguu wangu ulianza kufa ganzi. Nilitaka kusema inatosha, nikajizuia. Nilijua kwamba hii si dharau; ni haki yake, na mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Mshale haukusogea. Akafunga simu, akaegemea kiti chake, akavuta mkanda.

"Haya," akasema. "Twende."

Nikawasha injini, tukaanza kushuka. Gia ya tatu, mguu nusu, gari limeshikwa vizuri, zito na tulivu. Sikuondoa macho kwenye barabara isipokuwa kutupia jicho geji, na kila nikitupia, mshale uko palepale. Tulipita ule ukingo wa udongo. Alama za kukwaruza bado zipo, majani yameanza kuota juu yake. Nilitaka kumwonyesha, kisha nikaogopa kumkumbusha. Ndani ya kebini kulikuwa kimya, nami nikadhani kimya hicho ni kile cha kwanza kimerudi, cha siku ya mkoba na kuku. Nikageuza kichwa kidogo.

Alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea dirisha, lilelile la kushoto, mdomo wazi kidogo, viganja vimefunguka mapajani. Mwanamke ambaye hakutaka hata kusogelea mlango wa gari hili alikuwa anakoroma katikati ya mlima wa Kolo, na mguu wangu ndio uliokuwa umetushika wote wawili. Sijawahi kukanyaga breki kwa upole namna ile maishani mwangu. Hata gia niliogopa kubadilisha, isije ikamshtua.

Chini, barabara iliponyooka, gari lilirukaruka kidogo akafumbua macho. Akajifuta mdomo, akatazama mbele.

"Mteremko bado?" akauliza.

"Tumeshaupita."

Akageuka akatazama kwenye kioo cha upande wake, akautazama mlima wote ukirudi nyuma. Kisha akavuta kanga mpaka mabegani na kufumba macho tena.